Uraibu na ugonjwa wa akili humkaa mtu mmoja: wahudumu wafundishwe hivyo

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo lililonikaa rohoni tangu siku nilipompeleka mdogo wangu katika kituo cha kurekebisha waraibu, nje kidogo ya jiji la Nairobi, nikarudi nyumbani Majengo na bahasha yake ya dawa mkononi. Mdogo wangu ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya asikie sauti na kuamini yasiyokuwapo, na tangu ujana wake huvuta bangi na kunywa pombe, chang'aa fedha zinapokuwa haba. Pale mapokezi kijana mmoja mpole alimpekua mifuko, akatoa kiberiti, akatoa sigara mbili, kisha akatoa bahasha ya kaki ambayo mfamasia alikuwa ameiandika kwa kalamu ya buluu "1 x 1 usiku". Aliitazama, akaiweka kando ya kiberiti na sigara, akaandika vitu vyote vitatu katika daftari chini ya neno moja: "vilivyozuiliwa". Nilipomwambia kwamba hizo ni dawa za hospitali alinijibu kwa heshima zote, "Shangazi, hapa hatumwachishi mtu dawa moja ili tumpe nyingine. Hapa ni kuacha zote." Akanikabidhi bahasha, nami, kwa kuwa alikuwa amevaa beji na mimi sikuwa nimevaa chochote, nikaipokea.

Simlaumu kijana yule. Lugha yetu yenyewe imemtegea mtego, kwani vidonge anavyomeza mgonjwa wa akili ni dawa, na unga unaouzwa vichochoroni nao tumeuita dawa za kulevya, na mtu aliyefunzwa kwamba kazi yake ni kuwatoa watu katika dawa ataziona zote kuwa za ukoo mmoja. Tena hofu yake ina msingi. Wagonjwa wanaotumia dawa za akili kama haloperidoli hupewa pia benzheksoli, ambayo mitaani inajulikana kwa jina la Artane, ili shingo na taya zisikakamae, na benzheksoli hiyo hiyo huuzwa na kumezwa na vijana wanaotafuta kulewa. Mtu asiyefunzwa kuzitofautisha ana njia mbili tu mbele yake, kuruhusu kila kitu au kuzuia kila kitu, na katika kituo cha waraibu haihitaji kuuliza atachagua ipi.

Wiki ya tatu nilipigiwa simu kwamba mdogo wangu halali, anazungumza na ukuta na amekataa chakula, kwa madai kwamba mpishi hukisomea maneno kabla ya kukipakua. Nilipofika aliniambia kwa sauti ya chini nisikae karibu na dirisha. Wenye kituo wakasema hawana uwezo wa kumtunza mtu mwenye wazimu, nikamchukua. Tulipokuwa tukibadilisha matatu alinitoroka katikati ya watu wa soko la Gikomba, nikampata siku ya pili akinuka bangi, na katika kliniki niliyompeleka mhudumu aliinusa harufu hiyo kabla ya kuinua kichwa, akaandika kwenye kadi kwamba mgonjwa aache bangi kwanza, kisha arudi baada ya mwezi. Kule alikataliwa kwa sababu ya sauti anazozisikia, huku akakataliwa kwa sababu ya moshi anaouvuta. Sisi husema mtu amepigwa danadana, na nilipokuwa nimesimama nje ya kliniki ile na kadi, bahasha na kitambulisho chake katika mkoba wangu, nilielewa kwamba kila aliyetupiga teke alikuwa ameufuata mpaka wa somo lake barabara.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Tunajadili sana vituo na vitanda, na kila kampeni inapokaribia huahidiwa jengo jipya. Mimi naomba wale ambao tayari wako mlangoni, yaani mshauri wa waraibu, muuguzi wa zahanati, askari wa zamu na sisi wa mitaani, wafundishwe magonjwa haya mawili kwa pamoja, na mwalimu mmoja, katika chumba kimoja, kwa sababu mgonjwa huja nayo yote mawili katika mwili mmoja.

Wala si jambo la nadra. Utafiti wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba Mkenya mmoja kati ya kila sita walio na umri wa miaka 15 hadi 65 hutumia angalau kileo kimoja, iwe ni pombe, tumbaku, miraa, bangi au kingine. Kuhusu wanaokutwa na mambo yote mawili, utafiti unaotajwa mara nyingi ni ule uliochapishwa Marekani mwaka wa 1990, uliohusisha watu zaidi ya 20,000. Uligundua kwamba kati ya waliowahi kuwa na uraibu wa pombe, asilimia 37 walikuwa wamepata pia ugonjwa wa akili. Kati ya waraibu wa dawa nyingine za kulevya walikuwa asilimia 53. Na kati ya wenye skizofrenia, asilimia 47 walikuwa wamewahi kuwa na tatizo la pombe au dawa za kulevya. Marekani si Majengo, na miaka mingi imepita, lakini mtu akiambiwa kwamba karibu nusu ya wagonjwa wa aina fulani huja na ugonjwa wa pili, hawezi tena kuuita ugonjwa huo wa pili kuwa bahati mbaya ya mgonjwa mmoja mmoja.

Sheria yetu haina kigugumizi. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka wa 1989 ilimhesabu aliyeharibikiwa akili kwa pombe au dawa za kulevya miongoni mwa watu wanaostahili matibabu ya akili, na marekebisho ya mwaka wa 2022 yakamtaja waziwazi mtu mwenye tatizo la matumizi ya vileo. Kilichotenganishwa ni ofisi. NACADA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2012 na ambayo ndiyo huidhinisha vituo vya kurekebisha waraibu, iko chini ya wizara ya usalama wa ndani. Hospitali ya Mathari, ya taifa ya magonjwa ya akili, iko chini ya Wizara ya Afya. Zahanati na vituo vya afya, tangu ugatuzi, viko chini ya kaunti. Mgonjwa mmoja ana wenyewe watatu, na kila mwenyewe ana mitaala yake, vyeti vyake na semina zake. Ajabu ni kwamba Mathari, iliyoanza kupokea wagonjwa wa akili mwaka wa 1910, ina ndani ya ua wake kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, tangu mwaka wa 2014, ambako waathiriwa wa heroini hunywa dozi yao kila siku mbele ya muuguzi, hatua chache kutoka kwenye wodi za akili. Ikiwa mambo haya mawili yanaweza kukaa ndani ya ua mmoja, sioni kwa nini yasikae ndani ya kichwa cha mhudumu mmoja.

Ni nini basi cha kufundishwa? La kwanza ni kuacha kubishana kuhusu kilichotangulia. Nimeketi katika mikutano ambapo watu wazima wamegombana nusu saa nzima ikiwa bangi ndiyo iliyoleta wazimu au wazimu ndio ulioleta bangi, na mgonjwa yupo nje kwenye benchi anasubiri. Ukweli ni kwamba njia zote mbili zipo. Yupo anayekunywa ili sauti zinyamaze apate usingizi, na yupo ambaye bangi kali, aliyoivuta kila siku tangu shuleni, iliamsha ugonjwa uliokuwa umelala. Yupo pia ambaye huzuni yake yote hutokana na pombe yenyewe, akikaa bila kunywa wiki mbili hadi nne huzuni inaanza kutoweka yenyewe kama ukungu. Mhudumu aliyefunzwa haanzi kubahatisha, huuliza swali moja ambalo nililijifunza nikiwa nimechelewa sana maishani: "Kipindi kirefu zaidi ulichokaa bila kunywa wala kuvuta kilikuwa kipi, na wakati huo ulikuwaje?" Jibu la swali hilo, likiungwa na maelezo ya mama au mke aliyekuwapo, hufaa kuliko vipimo vingi. Na hata kabla jibu halijapatikana, aliye hatarini kujiua au asiyelala kwa siku tano hutibiwa leo, hasubirishwi mwezi kama adhabu.

La pili ni hatari za mwilini, na hapa naomba uniwie radhi nikichukua nafasi, kwa sababu ndipo watu wanapofia. Mlevi wa kila siku akiachishwa pombe ghafla anaweza kupata kifafa kuanzia saa 6 hadi saa 48 tangu glasi ya mwisho, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa kabisa, akatetemeka, akaona wadudu na watu wasiokuwapo, mapigo ya moyo yakaenda mbio. Hali hiyo huua isipotibiwa, na hutibika kwa dawa za kutuliza zinazopunguzwa polepole pamoja na vitamini B1, ambayo inapaswa kutangulia dripu ya sukari. Fikiria sasa mtu anayekamatwa Ijumaa usiku na kuwekwa seli kusubiri mahakama ya Jumatatu. Jumamosi anaanguka kifafa, wenzake wa seli wanasema ana majini. Jumapili anapigana na wadudu ukutani, askari wa zamu anasema amerukwa na akili au anajifanya. Saa zake zimehesabika kama ilivyoandikwa katika vitabu vya uuguzi, isipokuwa hakuna hata mmoja chumbani aliyevisoma. Na askari huyo huyo, hadi Januari 2025, alikuwa na kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu kilichomruhusu kumshtaki mtu kwa kujaribu kujiua. Mahakama Kuu imekitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha katiba, na ni haki, lakini aliyenyang'anywa pingu bila kuonyeshwa la kufanya badala yake atarudia alichokizoea.

Kuna na mambo madogo ambayo hakuna mtu angeyakisia bila kufundishwa. Moshi wa sigara hulifanya ini livunje dawa za akili kama olanzapini na klozapini haraka zaidi, kwa hiyo mvutaji huhitaji dozi kubwa kidogo kuliko asiyevuta. Mpeleke mvutaji huyo katika kituo kinachokataza sigara, ukimwachia dozi ile ile, na baada ya siku chache dawa itajaa mwilini, atakuwa analala mchana kutwa na wenzake watasema mvivu hataki vikao. Akitoka akarudia pakiti yake, dozi ile ile inakuwa haimtoshi, sauti zinarudi, na familia inaambiwa kwamba amerudia bangi. Aliye kwenye methadoni naye, akiongeza juu yake pombe au vidonge vya usingizi, anaweza kuacha kupumua usingizini. Aliyekuwa na mazoea ya unga, yaani heroini, akikaa miezi mitatu kituoni au gerezani kisha akatoka na kujidunga kiasi alichokizoea zamani, mwili wake hauna tena ustahimilivu ule na kiasi hicho kinamuua, mara nyingi wiki zile zile ambazo nyumbani bado wanamchinjia kuku wa kumkaribisha. Yote haya hayahitaji shahada. Yanahitaji mtu wa kuyaeleza mara mbili tatu kwa lugha inayoeleweka.

La tatu ni namna ya kuzungumza, nalo ndilo gumu. Nilibahatika kuhudhuria mafunzo ya siku tano, na katika siku hizo nakumbuka saa moja kuliko zote. Mwalimu alituketisha watatu watatu. Mmoja alikuwa mgonjwa, wa pili mhudumu wa kumhoji, na wa tatu alipewa gazeti (huenda, Mhariri, lilikuwa lako) alikunje kama bomba, aliweke sikioni mwa mgonjwa na kumnong'onezea bila kupumzika: usimjibu, anakudanganya, tazama mlango, usimjibu. Mimi nilikuwa mgonjwa. Muuguzi wa makamo kutoka Kayole aliniuliza jina langu nikamjibu. Akaniuliza nilikula nini asubuhi. Nilijua fika kwamba nilikula mkate na chai ya rangi, lakini kabla neno "mkate" halijanifika mdomoni sauti ile ilikuwa imeshapita mbele yake mara tatu. Alipouliza mara ya mwisho kunywa pombe ilikuwa lini, nilikunywa kiasi gani na nilikunywa na nani, maswali matatu kwa pumzi moja kama tulivyozoea, nilimkasirikia mwanamke wa watu asiyenikosea lolote, nikageuza uso nikautazama mlango. Zilikuwa dakika tatu. Tulipobadilishana nafasi na gazeti likamfikia yeye sikioni, alinyamaza muda mrefu kisha akasema kwamba kwa miaka kumi na tisa amekuwa akiandika katika faili za watu "mgonjwa hana ushirikiano".

Tangu siku hiyo huuliza swali moja, nikasubiri. Baadaye tulifundishwa kwamba namna hii ya kumsikiliza mraibu hadi yeye mwenyewe ataje sababu zake za kutaka kubadilika ilianza kuelezwa na mwanasaikolojia wa Marekani William Miller mwaka wa 1983, kisha ikaendelezwa naye pamoja na Stephen Rollnick. Wazee wetu wa baraza wasingeiona ngeni, kwani mzee mwenye busara hakuwahi kumwambia kijana "acha". Alimuuliza habari za nyumbani mpaka kijana akajisema. Tofauti ni kwamba kwa mtu mwenye sauti kichwani maneno yawe mafupi zaidi, yarudiwe, na asivutwe katika ubishi kuhusu kama sauti hizo zipo au hazipo.

Sasa niseme juu ya semina zetu, na wanaozipanga wasinichukie. Tumezoea kukusanywa hotelini kwa siku moja au mbili, tunakunywa chai ya saa nne, tunaonyeshwa picha ukutani, tunapigwa picha za pamoja, tunapokea nauli na cheti, na Jumatatu tunarudi kufanya kazi vile vile tulivyokuwa tukiifanya. Nyumbani nina bahasha ya vyeti iliyonenepa kuliko faili la mdogo wangu. Si dhana yangu tu kwamba hayo hayatoshi. Mwaka wa 2004 Miller na wenzake walichapisha jaribio lililowahusisha watoa huduma 140 wa matibabu ya uraibu: wengine walipewa kitabu na video wajifunze wenyewe, wengine wakapewa warsha pekee, na wengine warsha ikifuatwa na mrejesho juu ya kazi yao waliyoirekodi au simu za kuelekezwa na mwalimu. Waliopewa warsha pekee walipanda, kisha ujuzi ukaanza kuwatoka miezi ilivyopita; walioendelea kusikilizwa na kusahihishwa ndio walioushika. Mafundi wa Gikomba wanalijua hili bila utafiti wowote, ndiyo maana mwanagenzi wa cherehani hapewi cheti baada ya kumtazama fundi siku mbili, bali hushona akitazamwa, hufumua, hushona tena.

Kwa hiyo ninachoomba si semina nyingine. Naomba siku chache za darasani, kisha mwaka mzima wa kufuatwa kazini. Muuguzi wa akili kutoka hospitali ya kaunti anaweza kukitembelea kituo cha afya mara moja kwa mwezi, akaketi na muuguzi wa pale akimwona mgonjwa halisi, na kuulizwa kwa simu katikati ya mwezi inapobidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu magonjwa ya akili kwa wahudumu wasio mabingwa, uliotolewa mwaka wa 2010 na kuhaririwa upya 2016, tayari una sura ya sonona (huzuni kali isiyoisha), sura ya saikosisi (mtu kupoteza uhalisia), sura ya kujiua na sura ya vileo ndani ya jalada moja. Kasoro ni kwamba tunazifundisha kama sura, mgonjwa wa Jumanne wa sonona na mgonjwa wa Jumatano wa pombe, ilhali anayeingia mlangoni ni wa siku zote mbili. Mfano mmoja tu wa mgonjwa mwenye yote mawili, ukifuatwa kuanzia asubuhi hadi jioni, ungefundisha zaidi. Maswali 10 ya kupima ulevi na maswali 9 ya kupima sonona yanaulizika kwa kikao kimoja, na nimeyauliza mwenyewe barazani, watoto wakicheza bano pembeni.

Najua nitajibiwa kwamba madaktari wa akili ni wachache na wengi wao wako papa hapa Nairobi. Ni kweli, na ndiyo sababu hasa ya kutokungoja daktari. Septemba 2023 serikali ilitukabidhi mikoba sisi wahamasishaji wa afya ya jamii, takriban laki moja nchi nzima. Nikibisha hodi Majengo napima presha na sukari, naandika kwenye simu, naondoka, huku kijana aliyelala chumba cha ndani hajatajwa na yeyote kwa sababu hakuna aliyenifundisha namna ya kumtaja bila kumtia mama yake aibu. Majirani hutangulia kuona. Wanajua ni nani ameacha kuoga, ni nani anazungumza peke yake alfajiri, ni nani amebadilisha maskani. Hata ustadhi anayemsomea mgonjwa na kumpa kombe (maji yaliyooshea maandishi ya Kurani), au mchungaji anayemwekea mikono, yuko mlangoni kabla yetu, na sioni faida ya kugombana naye, inatosha afundishwe kusema, "Kunywa kombe hili, na vidonge vyako usiviache."

Wengine watasema kumchanganyia mshauri wa waraibu mambo ya akili ni kumfanya daktari wa bandia. Hilo nalichukulia kwa uzito, maana wapo wanaopenda kujiita daktari. Tangu sheria ya mwaka wa 2014 ya washauri nasaha na wanasaikolojia, kazi hiyo ina bodi na mipaka yake, na mafunzo mazuri humwonyesha mtu mipaka hiyo mapema. Mshauri hapaswi kuandika dawa wala kubadilisha dozi. Anapaswa kuijua bahasha anayoishika, kumpigia aliyeiandika, na kutambua siku ambayo mgonjwa anahitaji kupelekwa hospitali usiku huo huo badala ya kungoja kikao cha asubuhi.

Kuhusu mdogo wangu, sitaki kuremba. Baada ya miezi ya kuzungushwa tulifika katika kituo kimoja cha afya ambako muuguzi aliuliza habari za sauti na habari za bangi katika mazungumzo yale yale, bila kubadilisha uso alipohamia swali la pili. Alimweka kwenye sindano ya kila mwezi, kwa kuwa vidonge vilikuwa vikipotea, na akamwambia aje siku ya sindano hata kama amevuta. Bado huvuta. Huvuta siku kadhaa za wiki pale alipokuwa akivuta kutwa kucha, chang'aa ameiacha tangu Ramadhani, na amepata kazi ya kupanga mitumba ya watoto kwa jirani yetu, ambaye humlipa kila jioni nusu mkononi na nusu kwangu, kwa makubaliano yao wenyewe. Amewahi kukosa sindano mara mbili. Mara zote mbili muuguzi yule alinipigia simu kabla sijampigia.

Kwa hiyo nazielekezea NACADA, Wizara ya Afya na Kaunti ya Nairobi ombi moja: watunge kozi moja ya pamoja, na kuipitia kozi hiyo kuwe sharti la kituo cha waraibu kupewa idhini na la zahanati kupokea mgonjwa wa akili. Mkaguzi anapokwenda kukagua kituo, baada ya kuhesabu vitanda na kutazama mtungi wa kuzimia moto, aombe pia kuonyeshwa daftari la mapokezi, aangalie dawa za hospitali zimeandikwa katika safu gani, kisha aulize ni nani hapo aliyefunzwa kulifungua kabati zinamohifadhiwa, na kama mtu huyo yuko zamu ya usiku.

Wako msomaji,
Mhamasishaji wa afya ya jamii,
Majengo, Pumwani, Nairobi.
(Jina langu ninaomba lihifadhiwe kwa ajili ya mdogo wangu.)